Kombe Linaloingia Uwanjani kwa Mgongo

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kolwezi, wa Dilala na wa Manika, wenye tiketi na wale wanaotazamia juu ya ukuta, kwamba siku ya Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Agosti, katika fainali ya toleo la kumi na tano la Mashindano ya Kimataifa ya Kufungua Msimu, Mama Amisa binti Masudi, mjane, mama wa watoto wanne, mwenye basi moja la viti ishirini na tano na kioo kimoja cha pembeni, alitimiza kisasi alichokilea kwa miaka saba. Kisasi hicho kilitimizwa mchana kweupe, mbele ya wajumbe wa mataifa matatu, bila tone la damu, na bila mhusika kuvua kandambili zake. Wananchi wanaombwa kusimama.

Mkishasimama, kaeni. Habari yenyewe ni ndefu, na vumbi la Agosti halimheshimu aliyesimama.

Kwanza mumjue mwenyewe. Amisa ni wa wale watu wa Maniema ambao babu zao walishuka huku na bidhaa kichwani na msala wa kuswalia begani. Baba yake, Masudi, alikuwa na lori la chumvi na samaki wakavu, na kwa kuwa Mungu alimnyima mtoto wa kiume mpaka alipozeeka, alimfundisha binti yake kuendesha kwenye barabara ya Kasaji, wakati wa mvua, ambapo barabara ni jina tu. Akiwa na miaka kumi na saba Amisa alijua kutoa lori kwenye tope kuliko alivyojua kusuka nywele. Kisha akaolewa na Akram, dereva vilevile. Wakapanga Dilala, katika nyumba ya matofali iliyoachwa na kampuni ya migodi pamoja na mabomba yake yote. Maji tu ndiyo yaliyoondoka na kampuni. Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na watu wawili wanaojua kuendesha na usukani mmoja, kwa hiyo majirani hawakukosa burudani.

Mwaka 2008 Akram alikuwa akipeleka abiria mpaka Zambia, upande wa Solwezi. Kule kwenye maegesho alikutana na mashabiki wa klabu moja ya hapo waliosema kwamba timu yao inaweza kuifunga timu yoyote ya Kongo ikiwa imefumba macho. Akram alikuwa mtu mpole sana mpaka umguse mpira. Akawaambia waje Agosti, kabla ligi hazijaanza, wakati kila klabu inakohoa kutu ya likizo, wafumbe macho hayo waone. Wakaja kweli. Hakuna mkutano uliofanyika, hakuna katiba iliyoandikwa, hakuna waziri aliyekata utepe. Mashindano ya kimataifa yalizaliwa kwa ubishi wa kwenye maegesho, kama mambo mengi yenye afya.

Kombe halikuwepo. Amisa akatoa sufuria yake ya shaba, ile aliyoipata kwa mama yake, akaisugua kwa mchanga na ndimu mpaka ikang'aa. Nusu ya nchi hii inachimba shaba usiku na mchana na kuipeleka ng'ambo, lakini kombe la shaba la kwanza kubaki Kolwezi lilikuwa lile la kupikia pilau.

Siku ya mchezo likazuka jambo. Wenyeji, AS Malakiti ya Dilala, walifika mlangoni mwa uwanja na hawakuingia. Wageni wakafika, nao hawakuingia. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake amefukia kitu kizingitini, na timu itakayotangulia kuvuka itakanyaga dawa na kupoteza miguu. Mahali pengine timu huruka ukuta, lakini ukuta wa uwanja wetu kampuni iliupanda chupa zilizovunjika juu kote isipokuwa pale pembeni ambapo mashabiki wameshazilainisha kwa makalio yao, na hapo hawampishi mtu. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Timu mbili zimekaa kwenye vumbi zinatazamana kama mashemeji wanaogombea mahari.

Akram akawasha basi lake.

"Batoto," akasema, "mungie bote humu. Muchanganyikane, mutu wa Dilala na mutu wa Solwezi kiti kimoja. Miye nitaingia na mugongo. Dawa inatafutaka uso. Leo itakuta bomba ya moshi."

Wakaingia, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, na waamuzi watatu. Viti ishirini na tano vikajaa sawasawa. Basi likaingia uwanjani kinyumenyume, likipiga honi, na hakuna aliyeweza kusema nani katangulia. Mchezo ukachezwa, wageni wakashinda saba kwa moja wakiwa wamefumbua macho, na tangu siku ile hakuna fainali iliyochezwa bila basi la Akram kuingiza timu zote mbili kwa mgongo. Watu wa Solwezi walienda kulihadithia kwao kama ibada. Waangola walipoanza kuja, swali lao la kwanza halikuwa chakula wala malazi. Waliuliza basi liko wapi.

Akram aliyaandika haya yote katika daftari la shule, kwa mkono wenye mafuta ya injini. Aliandika jinsi timu ya Angola mwaka 2011 ilivyokwama Kasaji baada ya treni kuchoka, akaenda kuichukua, na kocha wao akakataa kupanda basi akaja na baiskeli, akafika fainali imekwisha na timu yake imeshinda bila yeye, na mwaka uliofuata wakamwomba aje tena na baiskeli. Aliandika jinsi vijana wa Musumba walivyosafiri siku sita na kufika siku tatu baada ya mashindano kufungwa. Akram hakuwa na moyo wa kuwarudisha hivihivi, akawakusanyia waamuzi, wauza mikate na fundi mmoja wa viatu, wakacheza, Musumba wakashinda mbili kwa moja. Katika daftari mchezo huo umeandikwa rasmi kama mingine.

Sasa tuje kwa Prezida.

Ruffin Kanyinda mwaka 2008 alikuwa kipa wa akiba wa Malakiti. Akiba ya akiba. Baadaye alitajirika kwa kuuza mifuko mitupu ya kubebea madini, na mtu akishatajirika kwa kuuza kitu kitupu hakuna kinachomshinda. Akram alipofariki mwaka 2014, kwa ugonjwa wa moyo, kitini, gari limesimama na breki ya mkono imevutwa kama dereva mstaarabu, Ruffin alikuja kwenye arobaini. Alikula pilau, akaongeza, akasimama na kusema hatauacha urithi wa marehemu uanguke. Watu wakasema amina. Mwaka uliofuata alijitangaza prezida wa mashindano, na urithi wa marehemu, ambao watu waliuita Kombe la Akram, ukaitwa Kombe la Prezida Ruffin. Sufuria ikarudi jikoni, na mahali pake pakawekwa kombe la kung'aa kutoka Lubumbashi lenye masikio mawili makubwa, kama mwenyewe.

Basi alikuwa anaendesha Amisa sasa, na kila Agosti alikuja, akapakia ishirini na watano, akaingia kwa mgongo, akaondoka. Wengine walimsifu kwa moyo wa kusamehe. Hao hawakuwahi kumsikia akiswali. Swala tano kila siku, na mwisho wa ile ya tano alikuwa na ombi lake. Hakuomba Ruffin afe. Kufa ni haraka mno. Hakuomba afilisike, mifuko mitupu haifilisiki. Aliomba aibu, ya mchana, yenye kipaza sauti. Mungu ana kazi nyingi, alimwambia, kwa hiyo hakuna haraka, lakini usisahau kipaza sauti.

Mwezi wa pili mwaka huo wa toleo la kumi na tano, Ruffin alimjia nyumbani. Alitaka kuchapisha kijitabu cha historia ya mashindano, chenye picha na karatasi inayoteleza, cha kugawia wageni wa mataifa.

"Mama Amisa, banasema marehemu aliachaka kaye, ile daftari yake," akasema. "Bila ile kaye historia haina miguu."

Moyo wa Amisa ulilegea kidogo. Ni lazima kusema hivyo, kwa sababu ndipo hapo kisasi kilipokaribia kufa chenyewe kwa njaa. Alifikiri: basi jina la Akram litaandikwa mahali watu watalisoma. Hilo tu ndilo alilolitaka, tangu mwanzo mpaka mwisho. Angeandikwa Akram, Ruffin angebaki na masikio ya kombe lake. Akatoa daftari sandukuni, akalifuta kwa kanga, akampa kwa mikono miwili.

Daftari lilirudi baada ya wiki tatu likiwa na duara la chupa ya bia kwenye jalada. Kurasa mbili, wa nne na wa tano, ambazo mafuta ya injini huzigandisha kila zikifungwa, hata ukizibandua leo kesho zimegandana, zilikuwa zimegandana vilevile alivyozitoa. Amisa alipitisha kucha pembeni ya karatasi: mafuta yalikuwa makavu, ya zamani, bila ufa. Hakuna aliyezigusa.

Mwezi wa sita kijitabu kikatoka. Picha ya Ruffin jalada la mbele, picha ya Ruffin jalada la nyuma. Na ukurasa wa pili: "Prezida-mwanzilishi ndiye aliyebuni, mwaka 2008, njia ya kuingia uwanjani kinyumenyume, akisaidiwa na dereva mmoja."

Dereva mmoja.

Amisa hakulia. Alikikunja kijitabu mara mbili, akakipachika juu ya kioo cha mbele cha basi, pale madereva wengine wanapoweka kitambulisho. Tangu siku ile, kila asubuhi akizungusha ufunguo, alikuwa akilisema neno lile taratibu, pamoja na injini: dereva mmoja. Injini ikiwaka, alikuwa ameshachemka naye.

Mwezi wa saba Mungu akapata nafasi.

Ruffin alikuwa amepata basi jipya. Jeupe, la mita kumi na mbili, lenye kiyoyozi, madirisha yasiyofunguka, kipaza sauti cha tarumbeta juu ya paa, na uso wa Ruffin ubavuni, mkubwa kiasi kwamba tairi la nyuma lilimkaa puani. Basi la zamani, alisema, linachafua picha. Lakini hakuwa mjinga wa moja kwa moja. Alimkuta Amisa kwenye maegesho akibadilisha oili, akamuuliza, maana ukoo wa Masudi kwa mambo ya barabara ni wa kuulizwa.

"Mama, mulango ya stade iko mupana ya kutosha ju ya bisi yangu?"

Amisa alifuta mikono. "Upana iko ya kutosha, prezida. Lakini ile mambo yote ya kuingia Akram aliandikaka mu kaye. Ulisoma?"

"Nilisoma yote, mama. Page kwa page."

"Hata page ya ine?" akauliza, akiwaza ule ukurasa wa nne ambao haukuguswa.

Ruffin akaweka mkono kifuani. "Ile ya ine njo ilinigusa sana ku roho."

Hii ilikuwa nafasi ya mwisho, na mtu mwenye haki humpa adui yake nafasi ya mwisho ili baadaye apate usingizi.

"Bon," akasema. "Kama ulisoma page ya ine, miye sina ya kuongeza."

Akarudi chini ya gari. Waliokuwepo wanasema alikuwa akiimba.

Jumapili ya fainali Mama Mushiya, muuza mikate wa mlangoni, alimwona Amisa akifika saa nne asubuhi na basi lake lisilo na kazi, akaliegesha upande wa soko, akashusha kamba nene ya kuvutia magari, akaizungusha chini vizuri, akakaa juu yake.

"Bisi yako hawakuiita leo," Mushiya akasema. "Ile kamba ni ya nini?"

"Ya kukalia."

"Na sufuria ile mu bisi?"

"Ilinifwata."

Mushiya, mwanamke mwenye akili, aliongeza unga. Aliona kwamba leo watu watakaa sana hapa nje.

Saa nane kamili basi jeupe likaja. Ndani: Malakiti, klabu ya Solwezi, waamuzi watatu, na Ruffin amesimama mbele karibu na dereva akipunga mkono kama mtu anayefukuza nyuki. Wachezaji walichanganywa kiti kwa kiti, kwa sababu bila hivyo wasingepanda. Ndani ya uwanja waliketi wakubwa wa mkoa na wageni wa Angola. Dereva alikuwa Gael, kijana mzuri wa Lubumbashi aliyezoea barabara za lami na hakuna mtu aliyemwambia lolote.

Mlango wa uwanja wetu, kwa asiyeujua, una shauri lake. Ukiingia kwa uso, unakuja na mzunguko kutoka sokoni, unapita, hata lori linapita. Ukiingia kwa mgongo, pua ya gari lazima igeuke kati ya nguzo ya umeme na mtaro, na mahali hapo ni padogo. Gael akaanza kurudi nyuma. Matako ya basi yakaingia vizuri, watu wa ndani wakapiga makofi. Akakata usukani. Pua ikagusa nguzo. Akasogea mbele kidogo, gurudumu likazama mtaroni. Akarudi nyuma, ubavu ukaumana na ukuta wa mlango, hapohapo kwenye shavu la Prezida. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kiyoyozi nacho kikanyamaza.

Nusu ya basi ilikuwa uwanjani na nusu ilikuwa mtaani, na kizingiti chenyewe, kile cha dawa, kilikuwa katikati ya tumbo la basi, chini ya miguu ya wachezaji wa viungo. Mlango wa basi ulizuiliwa na nguzo: ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono. Timu zote mbili zilijua zimesimama wapi. Hakuna aliyepiga kelele. Waliinua tu miguu wakaiweka juu ya viti, wote, na waamuzi pia.

Baada ya robo saa vioo vilianza kulia maji. Baada ya nusu saa Gael alivua shati. Wa ukutani walikuwa wamekuja wote upande wa nje, na mikate ya Mushiya ilikuwa imekwisha mara mbili. Ndipo mkono wenye saa kubwa ulipotokea kwenye upenyo wa mlango ukipungia upande wa soko.

"Mama Amisa. Mama yangu. Kuya."

Amisa aliinuka, akakung'uta vumbi, akaja na kandambili zake bila kuharakisha, daftari kwapani.

"Prezida. Kunani?"

"Tuvute. Una kamba, niliiona."

"Kamba iko. Lakini miye nashangaa. Page ya ine si ulisoma?"

Mtu mmoja ndani ya basi akakohoa.

"Mama, tutasemezana nyumbani. Shiye ni familia. Nilikula kwako ku arobaini."

"Ulikula mara mbili." Amisa akapitisha daftari kwenye upenyo. "Soma. Page ya ine na ya tano. Uko na kipaza sauti juu ya paa. Miye naijua kwa kichwa, kwa hiyo ukiruka musitari, ninasahau namna ya kufunga kamba."

"Mbele ya bakubwa?"

"Beko ndani, hawakuoni. Batasikia tu."

Ruffin alijaribu kuzibandua zile kurasa na zikakataa. Ilibidi nahodha wa Solwezi azitie mvuke wa pumzi yake, taratibu, huku ishirini na wanne wakimtazama. Zikaachana. Kisha tarumbeta ya paa ikakwaruza, na Kolwezi nzima kuanzia sokoni hadi jukwaa la wakubwa ikasikia sauti ya Prezida-mwanzilishi, kavu kama muhogo wa juzi:

"Page ya ine. Bisi ya kupita metre munane na nusu isijaribu kuingia na mugongo hapa. Pua itakula nguzo, matako itakula ukuta, na benye kuwa ndani batakaa kama sardini. Nilipima na kamba, miye Akram."

Ndani ya uwanja kulitokea sauti kama mvua inayoanza mbali kwenye mabati. Walikuwa wakicheka, ila kwa heshima, maana wakubwa walikuwa hawajaanza.

"Endelea," Amisa akasema.

"Page ya tano. Leo, 2008, niliingiza timu zote mbili na mugongo. Wazo lilinikuja sababu dawa inatafutaka uso. Bibi yangu Amisa alitoa sufuria ikawa kombe." Akapangusa jasho. "Kisha wageni wakashinda saba kwa..."

"Rudia. Uliruka."

"Sikuruka, mama."

Amisa akaitazama kamba kule mbali, kama anayejiuliza ile ni kitu gani.

Tarumbeta ikavuta pumzi. "Viti vilikuwa ishirini na tano, vikajaa. Ruffin, kipa wa akiba, alikosa kiti. Na kwa kuogopa dawa, alilala chini ya kiti cha nyuma, kichwa chake ndani ya sufuria. Hakutoka mpaka tulipofungwa la ine. Ilibidi tuvute miguu. Masikio ndiyo yalikwama."

Sasa wakubwa walianza. Na wakubwa wakishaanza, sisi wengine tuna ruhusa. Watu waliangukia ukuta kwa kicheko, wa ndani na wa nje. Mwamuzi wa kati alikuwa amejifunika uso kwa kadi. Gael, ambaye kiti chake kilikuwa karibu na Prezida kuliko wote, alifunga macho, akashika usukani kwa nguvu, mabega yakimtetemeka. Ruffin alitaka kurudisha daftari, lakini mkono wa Amisa haukuja kulipokea.

"Iko musitari ya mwisho."

"Hakuna, page imeisha."

"Nilikuongezea jana, na kalamu ya rangi nyekundu."

Akasoma. Sauti ilikuwa ndogo lakini tarumbeta ilikuwa mpya: "Hii ni Kombe la Akram. Iliitwaka hivyo, na kuanzia leo inaitwa hivyo tena. Nimesema miye, Ruffin Kanyinda, mbele ya mataifa."

Jukwaani mjumbe wa Angola, ambaye hakuelewa neno moja ila "Akram", alisimama akapiga makofi. Alikuwa kwenye treni ile ya Kasaji. Wengine wakasimama kwa sababu mgeni amesimama.

Amisa alipokea daftari, akalifuta kwa kanga, akaenda kufunga kamba. Alifunga vizuri; kisasi ni kisasi lakini fundo ni fundo, na Masudi alikuwa baba mkali. Vijana wa ukutani wakasukuma, basi lake likavuta, injini ikisema lile neno lake la kila asubuhi, na basi jeupe likatoka mtaroni likiacha nusu ya tabasamu la Prezida kwenye ukuta, ambapo lipo mpaka leo kwa atakayetaka kuja kulitazama.

Wachezaji walihamia basi la zamani wakiwa wamelowa kama waliobatizwa. Kumi na mmoja, kumi na mmoja, waamuzi watatu. Ruffin akaja nyuma yao, akaweka mguu kwenye ngazi, akatazama ndani.

"Viti bimejaa, tata," Amisa akasema kutoka kwenye usukani. "Lakini chini ya kiti ya nyuma kuko nafasi. Na sufuria nilileta."

Ndiyo maana mtu wa kwanza katika matoleo kumi na tano kuingia fainali kwa miguu yake, uso mbele, peke yake, akivuka kizingiti hatua kwa hatua huku uwanja mzima umemkodolea macho, alikuwa Ruffin Kanyinda. Kama dawa ilikuwepo, ilimpata. Kama haikuwepo, watu walitosha.

Nyuma yake basi la Akram likaingia kwa mgongo, honi juu, pua ikapita kati ya nguzo na mtaro kama uzi kwenye sindano, likasimama kwenye mstari wa kati. Timu zikashuka. Kombe lenye masikio lilibaki ndani ya sanduku lake. Mezani, mbele ya wakubwa, waamuzi waliweka sufuria ya shaba.

Odile, mtangazaji wa redio, mwanamke anayeijua habari kwa harufu, alipanda ndani ya basi kabla mchezo haujaanza, akakaa kwenye kitu cha kwanza alichokikuta karibu na usukani, akanyoosha kipaza sauti. Macho yake yalikuwa na machozi ya kikazi.

"Mama Amisa," akasema kwa sauti ile ya mazishi ya kitaifa, "miaka saba umebeba jina la marehemu bwana yako katika kimya. Leo mataifa matatu yamelisikia. Wengine wanasema ni haki, wengine wanasema ni kisasi. Wasikilizaji wa Lualaba yote wanasubiri. Tukuite nani, mama: mlinzi wa historia? Mwanzilishi-mwenza? Mjane wa shaba?"

Amisa alivuta breki ya mkono, akajaribu kama imeshika.

"Sofere," akasema, "dereva mmoja. Na toka hapo, unakalia kamba yangu."